Maswali na majibu: Soka la wasichana linaanzia uwanja wa shule

Mashindano ya shule yanakaribia na maswali yamekuja kwa wingi. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Naipenda Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, lakini wachezaji nawajua wakishafika AFCON tu. Nianzie wapi kuwafuatilia mapema? (Msomaji, Morogoro)

Anzia sekondari iliyo karibu na kwako. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, inaanzia shuleni, inapanda wilaya, mkoa, hadi taifa. Juu yake kuna FEASSSA, michezo ya shule za Afrika Mashariki, iliyofanyika Mbale mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025. CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo ina mashindano yake ya shule, na shule bingwa wa Afrika huondoka na dola 300,000. Huko ndiko wanakotoka wachezaji wa Serengeti Girls, timu ya taifa ya chini ya miaka 17, na baadaye Tanzanite, ya chini ya 20, na Twiga.

Oktoba 2022 watu wengi waligundua ghafla kwamba tuna timu ya wasichana India. Walifungwa 4-0 na Japan, wakainuka wakaichapa Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada na kuingia robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, wakatolewa na Colombia kwa 3-0. Lakini tiketi ile waliikata Juni, pale Amaan, Zanzibar, walipoifunga Cameroon 1-0 baada ya kuipiga 4-1 kwao. Na kabla ya Amaan kulikuwa na viwanja vya shule ambavyo hakuna aliyekwenda kuvitazama.

Kwa hiyo nenda na daftari. Andika tarehe, majina ya shule, matokeo, nani kafunga. Muombe mwalimu wa michezo orodha ya wachezaji. Katika ngazi ya wilaya hakuna anayehifadhi haya, na ndiyo maana binti aliyefunga mabao mengi kidato cha pili anasahaulika akifika cha nne. Utaona mchana mistari ya majivu imefutika kabla ya mapumziko, na binti anayetolewa akikaa chini pembeni kuvua njumu ampe mwenzake anayeingia, kwa sababu jozi hazitoshi. Ukiyaona hayo, utaelewa kwa nini nakasirika mtu anapouliza "hawa wametokea wapi?"

Twiga Stars na Serengeti Girls ni timu moja? (Wengi)

Hapana. Serengeti Girls ni chini ya miaka 17, Tanzanite chini ya 20, Twiga Stars ni ya wakubwa. Waliocheza Kombe la Dunia India ni Serengeti Girls. Twiga bado hawajafika Kombe la Dunia la wakubwa. Tafadhali, mjifunze majina ya timu zenu kabla ya kuanza kuzilaumu.

Junior Starlets, wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17, walifungwa mechi mbili kati ya tatu kwenye Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika. Mbona mnawasifu hadi leo? (Msomaji, Kitale)

Kwa sababu hakuna timu ya soka ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kufika Kombe la Dunia la FIFA kabla yao. Walifungwa 2-0 na England na 3-0 na Korea Kaskazini, ambayo ndiyo iliyobeba kombe lile la 2024. Halafu wakaifunga Mexico 2-1. Wewe uko Kitale, Trans Nzoia, kaunti ya shule ya Wiyeta Girls. Umeshakwenda kutazama mechi yao hata moja?

La kuangalia sasa ni hili: tangu 2025 Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 ni la kila mwaka, lina timu 24, na litakuwa Morocco hadi 2029. Ile tabia ya kukusanya kikosi kimoja na kukitegemea miaka miwili imekwisha. Shirikisho lisilotuma watu kwenye michezo ya shule kila msimu litaachwa.

Kucheza mpira kunamfanya msichana asizae? (Msomaji, Tabora)

Hapana.

Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Amekuja mtu anasema ni wakala, anataka laki tatu za pasipoti na majaribio Ulaya. Nifanyeje? (Mama, Kahama)

Mama, usitoe hata shilingi, na huyo mtu asikutane na binti peke yake. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nje, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa jambo lisilohusu mpira. Binti wa miaka 15 wa Kahama hana klabu Ulaya inayoweza kumsajili leo. Wakala halali ana leseni ya FIFA. Mwambie akuonyeshe, kisha uwaulize TFF, shirikisho la soka la Tanzania.

Njia ya kweli ipo. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden mwaka 2022, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Clara Luvanga alikuwa India na Serengeti Girls, akapita Hispania, akatua Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Nchi iliwaona kwanza, ndipo nje wakawataka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba fidia ya mafunzo inayolipwa kwa waliomlea mchezaji haitumiki katika soka la wanawake. Kwa wavulana ipo. Kanuni hiyo ibadilishwe. Kwa sasa mwache binti amalize kidato cha nne, na cheti chake cha kuzaliwa ukikamilishe mwezi huu.

Wasichana wangu wawili wanakataa kucheza baadhi ya siku na hawasemi kwa nini. Niwaadhibu? (Mwalimu wa michezo)

Usithubutu, mwalimu. Bukta za timu yako ni nyeupe? Nunua nyeusi au bluu, weka taulo za kike kwenye begi la huduma ya kwanza, na mwombe mwalimu wa kike awe karibu na timu. England walibadili bukta zao kuwa bluu mwaka 2023 kwa sababu hii hii ya hedhi.

Binti yetu amezaliwa Desemba 2008. Anaweza kucheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2026? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, hesabu inaanzia Januari 1, 2009. Na najua swali linalofuata, kwa hiyo nalijibu kabisa: msiguse cheti cha kuzaliwa. Mnamnyima nafasi mtoto wa 2010 anayesubiri benchi, na ikigundulika timu nzima inaadhibiwa. Mwelekezeni Tanzanite. Kwa mashindano ya 2028 ya chini ya miaka 20, waliozaliwa 2008 bado wamo.