Redio ya setilaiti ndani ya gari: maswali yenu

*Nikipita Mariakani na trela, stesheni za Mombasa zaanza kukwaruza. Nikifika Taru hamna kitu. Setilaiti haiwezi kutusaidia? (Dereva, Changamwe)*

Kiufundi yaweza, kaka. Marekani madereva wanayo tangu 2001, kampuni ya redio ya setilaiti XM ilipoanza, kisha mwenzake Sirius 2002. Mwaka 2008 zikaungana. Mnara wa FM hautupi mbali zaidi ya upeo wa macho. Setilaiti za XM ziko juu kilomita zaidi ya 35,000, kwa hivyo dereva huvuka nchi nzima bila kubadilisha stesheni.

*Gari likipita chini ya daraja je? (Abiria, Bamburi)*

Hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda. Setilaiti mbili zarusha kipindi kilekile, lakini moja imecheleweshwa sekunde nne hivi. Redio ya gari huihifadhi nakala ya kwanza, ikaisubiri ya pili. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde nne ni mita 55: ushalipita daraja, na neno lililomezwa pale chini laja sasa kwenye nakala iliyochelewa. Msikilizaji hajui kama palikuwa na pengo. Kwenye maghorofa marefu huongezwa minara ya ardhini inayorudia matangazo.

*Redio ya gari langu la Japani yaishia 90. Yataka setilaiti? (Kijana, Likoni)*

La. FM ya Japani huanzia 76, yetu ni 87.5 hadi 108. Mwambie fundi akufungie ekspanda, kifaa kidogo kinachoshusha masafa yetu yaingie kwenye redio yako. Nambari kwenye kioo hazitalingana na za stesheni, lakini utasikia.

*Marehemu mume wangu aliniachia redio ya WorldSpace. Bado yashika? Mwanangu ataka kuifunga kwenye tuktuk. (Mama, Majengo)*

Pole sana, mama. Matangazo yale yalitoka AfriStar, setilaiti iliyorushwa Oktoba 1998 na WorldSpace, kampuni ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Kampuni ilifilisika 2008, na baadaye matangazo yakazimwa. Nasikitika hadi leo, maana Afrika ilihudumiwa kabla ya Marekani.

Hata enzi zake, kwenye tuktuk ingesumbua. Ami yangu alikuwa nayo barazani: kiantena bapa juu ya kigoda, kimeinuliwa uso kuelekea magharibi. Mtoto akikigonga kigoda, Kurani yakatika katikati ya aya, naye ami aanza kukigeuza tena kidogo kidogo. Antena ya gari haina nafasi ya kulengwa. Hupokea kutoka pande zote, na kwa hivyo yahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi.

Lakini usiitupe, mama. Zile za mwanzo zilikuwa na FM na masafa mafupi pia. Tia betri mpya uijaribu.