Pampu ikiwaka, redio inanguruma

SWALI: Shikamoo fundi. Nalima vitunguu na nina pampu ya inchi 3 yenye injini ya Kichina ya farasi 6.5. Nikiiwasha tu, redio yangu ya masafa mafupi inajaa mngurumo, hata taarifa ya habari siisikii. Duka la spea wameniambia ninunue plagi yenye herufi R. Fundi wa hapa kijijini anakataa katakata, anasema R inakula moto na pampu itapungua nguvu. Nimsikilize nani?
Mkulima, Ruaha Mbuyuni

JIBU: Marahaba, mkulima. Wasikilize wa dukani, lakini siku ya kununua nenda na multimita.

Kwanza hakikisha mkosaji ni plagi. Fungua redio, washa pampu, halafu ongeza mafuta taratibu. Mngurumo ukipanda injini inapokaza mwendo na kushuka inapolegea, hiyo ni cheche. Injini ya aina yako hupiga cheche kila gurudumu la sumaku linapozunguka mara moja. Ikiwa kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, ni cheche 60 kila sekunde. Kelele ikibaki ileile hata ukiongeza mafuta, iache plagi, kaangalie chaja ya simu, taa ya LED au kontrola ya sola.

Cheche inaporuka, umeme hautulii papo hapo. Hutetemeka kwa kasi kubwa mno, na waya unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi hugeuka antena. Redio za mwanzo kabisa zilirusha ujumbe kwa cheche hivyohivyo, kwa hiyo pampu yako ni kituo cha matangazo kisicho na leseni. R maana yake ndani ya kauri kuna rezista, yaani kipande cha kubana mkondo wa umeme, kwa kawaida ya omu 5,000 hivi, nayo ndiyo inayoua ule mtetemo.

Sasa hoja ya fundi wako kwamba R inakula moto, ambayo nimeisikia gereji nyingi. Kabla cheche haijaruka, kwenye gepu, ule mwanya mdogo kwenye ncha ya plagi, hapapiti mkondo wa kuhesabika, na pasipo mkondo rezista haina volti ya kula. Maelfu yote ya volti yanafika kwenye ncha. Cheche ikishawaka, mkondo wenyewe ni mdogo, kinachopotea ni kidogo. Honda wanaipangia injini yao ya GX160, mama wa injini nyingi hizi za Kichina, plagi ya NGK BPR6ES. Hiyo R umeiona? Muulize fundi wako kama Honda nao wanataka pampu zao zilegee.

Ukifungua yako, yaelekea utakuta imeandikwa F7TC. Omba F7RTC, au hiyo BPR6ES, au W20EPR-U ya Denso. R haikai mahali pamoja: kampuni ya NGK huiweka katikati, Champion huanza nayo. Namba ya joto (7, 6 au 20 kwenye majina hayo, kwani kila kampuni ina kipimo chake) usiichezee, na urefu wa uzi wa kufungia pia. Ukipewa BPR6HS, irudishe. Uzi wake ni milimita 12.7 wakati injini inataka 19. Itaingia na injini itawaka, ila masizi yatajaa kwenye uzi wa silinda uliobaki wazi, na siku ukirudisha plagi sahihi itagoma kuingia.

Multimita ni ya hapohapo kaunta. Iweke kwenye omu, kipimo cha 20k. Ncha moja igusishe kichwani pa plagi, nyingine kwenye sindano ya katikati kule chini, si ule mkono uliopinda. Isome karibu na 5, yaani omu 5,000. Ikisoma sifuri na R imechapwa ubavuni, umeuziwa herufi. Isiposoma kitu kabisa, kuna kilichokatika ndani. Muuza duka akinuna, mwache anune.

Gepu weka milimita 0.7 hadi 0.8, na kofia ya waya inayovishwa kichwani pa plagi isukume mpaka ikae barabara, kwa sababu kofia iliyolegea hupiga cheche zake pembeni na hizo plagi haizizuii. Mngurumo utapungua sana, hautaisha wote. Ukibaki unakusumbua, tafuta kofia yenye rezista ndani, au sogeza redio mbali na pampu, itumie betri zake yenyewe. Injini ikianza kuwaka kwa shida baada ya kuweka plagi na kofia zote za rezista, bakiza plagi, rudisha kofia ya zamani.