Mashine ya kuvunjia zege: kwanza jua kilichofukiwa chini

Mkuu, umesema umekodi mashine ya umeme ya kuvunjia zege, ile ya kilo 15 hivi, uvunje mwenyewe sakafu ya uani upitishe bomba la maji machafu. Unauliza kama glovu na miwani vinatosha. Havitoshi. Kazi hii nimeifanya Dar zaidi ya miaka kumi, nilianza nikiwa saidia fundi wa kuzoa vifusi, na naomba unisikilize hasa kwenye hili la kwanza.

Tulipewa kazi Mbagala, sakafu ya jikoni. Mwenye nyumba akatuhakikishia chini hakuna kitu. Meni swichi hatukuizima, maana mashine yenyewe ilikuwa inakula umeme wa humohumo ndani. Tindo, ile nondo ya chuma yenye ncha ya mbele ya mashine, likatoboa zege, likaingia kwenye bomba la plastiki lililobeba waya wa kwenda banda la nyuma. Mwanga wa buluu, mlio kama baruti, nyumba nzima ikazima. Tulipolichomoa tindo, ncha yake ilikuwa imelika upande mmoja kama muhindi uliong'atwa. Mikono yangu ilikuwa kwenye vishikio vya mpira, na hicho ndicho kilichoniokoa. Dakika chache kabla nilikuwa nimeishika mashine shingoni, kwenye chuma, ili kuielekeza. Tindo likigusa waya wenye umeme, chuma chote cha mbele kinaweza kuwa na umeme.

Kwa hiyo usimwamini mtu kwa maneno. Tazama swichi, soketi, matanki na makaro yalipo, ujiulize waya na mabomba yamepita wapi. Vuta umeme kwa jirani au tumia jenereta, kisha uzime meni ya nyumba unayoivunja. Na huko unakovuta pawe na swichi ya kinga ya miliampia 30, ile inayokata yenyewe umeme ukivuja. Waya wa kuongezea ufungue wote hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu ukibaki umeviringishwa unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Upitishe nyuma yako, kamwe usiwe mbele ya tindo.

Sasa kuvunja. Usianzie katikati. Anzia ukingoni, sentimita kama 10 kwa ndani, zege lipate pa kukimbilia. Usiisukume mashine wala kuilalia. Uzito wake unatosha, wewe kazi yako ni kuielekeza. Tindo likinasa, na litanasa, usilitumie kama mtaimbo wa kubinulia. Hapo ndipo matindo hukatika na watu huumia mgongo. Chomoa plagi, toa mashine, liache tindo palepale, weka jingine uvunje pembeni yake mpaka lilegee. Usilishike kwa mkono mtupu, linakuwa la moto sana.

Vumbi la zege lina silika, chembe ndogo sana za madini ya mchanga, inayokwenda kukaa kwenye mapafu na haitoki. Kitambaa ulichofunga puani hakiizuii. Nunua barakoa ya N95 au FFP2, ikubane vizuri usoni. Nyunyizia zege maji kidogo kabla ya kuanza, liwe na unyevu tu. Ukisimama kwenye dimbwi na mashine ya umeme umejitafutia balaa. Masikio yazibe, kwani kelele yake inapita desibeli 100. Viatu viwe vya chuma mbele. Ndala hapana.

Mtikisiko nao watu wanaudharau. Mwenzangu mmoja alikuwa akivunja kutwa nzima bila kupumzika, leo asubuhi za baridi hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Vidole vimekufa ganzi. Mimi navunja dakika kumi na tano, nashusha mashine, nazoa kifusi, narudi. Ukihisi vidole vinawasha au vinakuwa vyeupe, acha kwa siku hiyo.

Usifanye peke yako. Mtu akae karibu na plagi, jicho kwako, asiwe na kazi nyingine, na mkubaliane ishara ya mkono kwa sababu sauti haitasikika. Kama sakafu hiyo ina chumba chini yake, simama hapo hapo, usiguse mpaka mhandisi aione na mirunda, yaani nguzo za kuishikilia kwa chini, isimikwe.

Piga picha ya eneo lote na ya meni swichi uziweke hapa kabla hujaanza, nitakuambia ninachokiona.