Shingo Upande Haimfai Kila Mtu

Msomaji mmoja wa Pangani ameniandikia, anataka orodha ya nahau za Kifaransa za mtu asiyetaka jambo, pamoja na tafsiri zake. Amenichokoza pabaya.

Juzi hapa Bagamoyo nilirudishiwa kurasa zangu na kampuni moja ya tafsiri, wino mwekundu kila mahali. Kifaransa kilisema mzee fulani « s'est fait tirer l'oreille » kabla ya kutoa kiwanja. Niliandika: "Mzee alibembelezwa sana ndipo akatoa." Mhariri akataka "alivutwa sikio", eti ndio uaminifu. Mzee mzima, mwenye wajukuu, avutwe sikio na nani, kama mtoto wa chuoni? Tulibishana hadi mteja, Mfaransa, akaulizwa. Akachagua yangu. Malipo yamefika; samahani bado.

Tatizo ni kwamba kazi nyingi hupitia Kiingereza kwanza, na huko "reluctantly" humeza kila kitu. Zikifika kwetu, zote zimekuwa "shingo upande". Hiyo naipa « à contrecœur » tu: mtu anatenda, moyo umekataa. Wa « à reculons » anakwenda kinyumenyume, yaani anakwenda lakini anajivuta. Wa « du bout des lèvres » ameitikia kwa ncha ya midomo. Mimi huandika "aliitikia mdomoni tu". Hata Kiingereza hapo kina "half-heartedly", ila watu wavivu. Na « se faire prier »? Huyo mara nyingi anataka, anaringa tu apate kuombwa. Ukimwandikia shingo upande umemsingizia.

Mimi nina bahati ya kupenda kamusi ya Padre Charles Sacleux, ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka 1939. Alikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lililoanzisha misheni yetu hapa mwaka 1868. Inaanzia Kiswahili, kwa hiyo naisoma kinyume: nafikiria kwanza neno la kwetu, kisha natazama yeye aliliwekea Kifaransa gani. Vijana wanaona hiyo ni kazi ya wazee. Wanabonyeza simu, wanapeleka. Someni, jamani! Kaeni barazani msikilize watu wanavyokataa bila kusema hapana. Pwani hii hakuna ufundi tunaoujua kuliko huo.

Kwa hiyo, wa Pangani, orodha sikupi. Niletee aya nzima: nani anaombwa, anaombwa na nani, na mwisho alitoa au hakutoa.