Maswali na Majibu: Marehemu akigonga mlango, watazamaji wetu wanacheka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasimamia kikundi cha maigizo cha shule ya sekondari hapa Masasi. Tumeigeuza kuwa mchezo wa jukwaani ile hadithi ya W. W. Jacobs ya mkono wa tumbili unaotimiza maombi matatu. Wazazi wanaokuja kutazama ni Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, kwa hiyo tumeweka wasimulizi pembeni: kila mstari wa Kiswahili unarudiwa kwa Kimakua, kisha kwa Kiyao. Mchezo wa dakika 40 sasa unakula karibu saa mbili nzima. Kibaya zaidi, marehemu anapogonga mlango usiku, watu wanacheka. Mwenzangu anataka tuongeze sauti kwa spika ya bluetooth na marehemu aingie jukwaani amevaa lipiko, kile kinyago cha ngoma ya Wamakonde. Mwingine anasema tutafute projekta, tafsiri zirushwe ukutani. Tufuate lipi? (Mwalimu, Masasi)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Acheni projekta, acheni spika, na lipiko lirudi kwa wenyewe. Wanaochekesha ni wasimulizi wenu.

Nisamehe nikijibu kwa ukali kidogo. Jambo hili nalikuta kwa vikundi vya Mikindani hadi Liwale: mtu akisikia "mchezo wa lugha nyingi" anaelewa kwamba kila neno lisemwe kwa kila lugha. Matokeo yake ni mkutano wa hadhara wenye mkalimani. Mkutanoni ni sawa, maana lengo ni kila mtu aondoke na taarifa ile ile aliyoipata kwa wakati ule ule. Hadithi ya kutisha inataka kinyume chake kabisa. Hofu inakaa kwenye pengo: huyu anajua, yule hajajua, na mtazamaji yuko katikati amebana pumzi. Mkiliziba pengo kwa tafsiri, mmebaki na waigizaji wanaosubiriana zamu.

Rudi kwenye ukurasa wa mwisho wa Jacobs. Mama amekokota kiti mlangoni, anahangaika na komeo la juu amfungulie mwanawe, aliyekufa kiwandani na kuitwa arudi kwa ombi la pili. Baba yuko chini kwa mikono na magoti, anapapasa sakafu akiutafuta ule mkono kabla komeo halijaachia. Anaupata, anaomba ombi la tatu. Ameomba nini? Jacobs hakuliandika. Anachoandika ni kwamba kugonga kulikoma ghafla, mlango ukafunguliwa, upepo wa baridi ukapanda ngazi, na nje hakuna mtu. Msomaji analijua ombi kwa sababu ya ule ukimya. Nyinyi mmelitamka kwa Kiswahili, mkalirudia kwa Kimakua, mkamalizia kwa Kiyao, na marehemu muda wote huo yuko nje anawasubiri mmalize. Hata mimi ningecheka.

Sasa tazama lugha nyingi zinaweza kufanya nini zikiachwa zifanye kazi yake. Yule mjumbe anayekuja kutoka kiwandani kuleta habari za Herbert, mwana wa nyumba hiyo, hasemi kwamba kijana amekufa. Anasema ameumia vibaya, lakini hasikii maumivu yoyote. Mama anamshukuru Mungu, na shukrani ikiwa bado mdomoni anaelewa kwa nini maumivu hayapo. Kwangu sehemu hiyo ni kali kuliko mlango, na naogopa kwenu imepita kama tangazo la kikao cha wazazi. Mpeni mjumbe Kiswahili cha ofisini, kile cha barua yenye mhuri. Mama awe Mmakua anayesema Kimakua ndani ya nyumba yake. Baba aelewe kwanza. Mama amgeukie mumewe, amuulize kwa Kimakua mgeni kasemaje, na baba asijibu. Anyamaze tu, aangalie pembeni. Walioshika maneno ya mjumbe watashtuka pamoja na baba. Bibi wa mstari wa mbele, ambaye moyo wake uko kwa mama, atashtuka sekunde chache baadaye, na wale wa kwanza watamsikia. Ukumbi mmoja unapigwa mara mbili kwa habari moja. Kwa lugha moja hulipati hilo; kwa mkalimani mnalitupa bure.

Na tusidanganyane kuhusu huyo bibi. Mzazi wa Masasi anayesikiliza redio, anayepeleka korosho chama cha msingi na kufuatilia malipo yake mpaka senti ya mwisho, hahitaji kukalimaniwa Kiswahili. Yuko mzee mmoja mmoja anayehitaji, na huyo huwa kakaa na mjukuu. Wasimulizi wenu wanawafafanulia watu jambo walilokwisha kulielewa, kisha wanawafafanulia tena. Mlango unapogongwa, watazamaji wameshajua kwamba baada ya kila jambo kuna vijana wawili watakaolieleza. Wanawacheka hao vijana.

Kitu kingine ambacho mngekitumia na hamjakigusa: Kiyao, Kimakonde na Kimwera ni ndugu wa karibu, na Mmakonde akitulia na Kiyao anaokota mengi. Kimakua kiko mbali nazo. Kwa hiyo mnapochagua lugha ya mhusika mnachagua pia nani ukumbini ataachwa nje kidogo na nani kabisa. Baba akijibu kwa Kiyao, nusu ya ukumbi inamfuata bila shida. Mama akilia kwa Kimakua, wasiokijua wanabaki na sauti na mikono yake tu, na Wamakua wenyewe wanakuwa na siri ambayo wenzao hawana. Gawaneni zamu za kutangulia, kila upande wa ukumbi upate yake. Na ndani ya nyumba hiyo msiogope mke aseme lugha hii na mume ajibu kwa ile. Ndoa za namna hiyo zimejaa Masasi na hakuna anayetafsiriwa mezani. Jibu likiandikwa vizuri linabeba swali.

Yapo machache ambayo kila mtu lazima ayashike: kwamba maombi ni matatu, na kwamba fedha iliyoombwa ndiyo iliyolipwa. Baba aliomba pauni 200 amalizie deni la nyumba, na fidia ya mwanawe ikawa pauni 200. Kiasi hicho kitajwe mara zote mbili kwa Kiswahili, kwa maneno yale yale, taratibu. Ombi la kwanza na la pili nayo yatamkwe kwa lugha moja, maana mtazamaji anahesabu. Mengine yote yanaweza kumpita mtu na hofu isipungue. Nimekaa mara nyingi kwenye tamasha la MaKuYa hapa Mtwara, linalokutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, na sijasikia mtu akidai nyimbo zitafsiriwe ndipo aendelee kutazama.

Hukuniuliza kuhusu mahali na wakati wa mchezo, lakini siwezi kulipita. Kama mmeuweka leo, kwenye kiwanda cha korosho, Kiingereza kitaingia kwa kulazimishwa. Fikirieni Nachingwea ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951. Pale mitambo ilikuwepo, wasimamizi wa Kizungu walikuwepo, na vibarua wa kila kabila la kusini. Askari wa Jacobs aliutoa ule mkono India. Wenu anaweza kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, aliyerudi kutoka vita vya Burma, na Kiswahili chake cha kambini kikawa lugha nyingine bila mtu kuiomba. Pauni 200 kwa fedha ya Afrika Mashariki ya wakati ule zilikuwa shilingi 4,000. Mtu wa kijijini akitajiwa shilingi 4,000 za mwaka 1949, ukumbi hautahitaji msimulizi aueleze ukubwa wake.

Kuhusu kugonga. Spika ya bluetooth hutoa sauti kwa kuchelewa kidogo, na inaitoa kwenye pembe ambayo mlango haupo. Tengenezeni mlango wa mbao ngumu wenye fremu, mtu asimame nyuma yake agonge kwa mkono. Jenereta lipelekwe mbali. Halafu kumbukeni kwamba kwetu mgeni hupiga hodi. Muingereza anapogonga bila kusema kitu ni kawaida yake. Hapa mtu anayegonga usiku wa manane bila sauti ya hodi ameshatutisha kabla ya lingine lolote. Hodi haina kabila, Wayao na Wamakua wote wanaijua. Mama aitikie "Karibu!" kwa furaha. Kimya. Agongewe tena. Aitikie tena. Kwa hilo hamtahitaji kumwonyesha marehemu, na hadithi yenyewe haikumwonyesha. Ndiyo maana nakataa lipiko. Lina wenyewe, lina ngoma yake na lina mambo ya jando ndani yake. Kulivisha maiti ya kiwandani ni kuwatukana watu ili kupata sekunde tatu za mayowe. Likiingia jukwaani, Wamakonde watageuka kuangalia nani kathubutu, na mchezo wenu umeisha.

Projekta nayo inavuta macho ukutani wakati uso wa mama ndio wa kuangaliwa, na maandishi yanafika kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Tena mzee mnayemkusudia ndiye asiyeyaona maandishi madogo.

Sasa niseme na wengine wanaosoma hapa, maana najua baada ya jibu hili nitaletewa miswada. Kuna watu wanazunguka kwenye vikundi wakiuza "tafsiri ya lugha zote za kusini" kwa bei ya maelewano, tayari ndani ya wiki. Nimeisoma hiyo miswada. Kimakonde chake kimetoka kwenye simu: maneno ya Kiswahili yaliyobandikwa viambishi, na sentensi ambayo hakuna bibi wa Kitangari aliyewahi kuisema. Hata mwenye lugha akikutafsiria, muulize ya wapi. Kimakonde cha uwanda wa Newala na kile cha pwani ya Mtwara havifanani, na mama jukwaani hawezi kuzaliwa sehemu mbili. Njia ninayoiamini ni ya polepole. Mwambie mwigizaji hali ilivyo, mweke na mama yake au shangazi yake jioni moja, waigize hilo tukio kwa namna wangelisema nyumbani, uandike walichosema. Mistari mingine itakuwa mifupi kuliko ya Jacobs. Mingine itakuwa kimya, na hiyo ndiyo ya kuitunza kuliko zote.

Wengine wanaandika mchezo wa lugha nne kwa sababu fomu ya mfadhili ina kisanduku cha kuhesabu lugha. Ukiwachunguza, Kiswahili kimepewa mwalimu na daktari, Kiingereza kimepewa bosi, na lugha za nyumbani zimegawiwa mlevi, mganga na mzee anayechekwa matamshi. Watazamaji wameshazoea: wakisikia Kimakua jukwaani wanajiandaa kucheka, hata kabla ya kujua kinachosemwa. Kisha mwongozaji anashangaa kwa nini kilio cha mama kimeleta vicheko. Kama kwenye mchezo wako mtu wa kwanza kusema Kimakua ni kichekesho, hiyo hofu ya mwisho umeshaiuza mapema. Mpe mama Kimakua tangu pazia linafunguka, akizungumza mambo ya kawaida: chai, mume anayeshindwa mchezo wa bao na mwanawe, mvua.

La mwisho ni la fedha. Kuna wanaotoza vikundi "ada ya haki" kwa hadithi kama hizi. Jacobs alifariki 1943, na Louis N. Parker aliyeipeleka jukwaani London mwaka 1903 alifariki 1944. Hata katika nchi zinazolinda kazi miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, muda ulishapita. Filamu na tafsiri mpya zina wenyewe, msizinakili. Hadithi yenyewe ni bure, na aliyewatoza arudishe.