Barua kwa mwanangu: kabla ya begi, kubalianeni mtakutana wapi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama begi la dharura ulilofungasha linatosha, au kuna kitu umesahau. Begi ni zuri: tochi, betri, redio ndogo, dawa, nakala za vyeti ndani ya mfuko usiopenya maji. Ongeza filimbi tu, maana aliyenaswa chini ya kifusi sauti humkauka upesi kwa kupiga kelele. Kilichokosekana hakiingii begini.

Mmepanga kana kwamba maafa yatawakuta wote sebuleni. Je, yakija saa nne asubuhi siku ya kazi? Wewe uko kazini, mkeo yuko njiani, watoto wako shuleni, na begi limekaa kabatini peke yake. Nani anawafuata watoto? Mkikimbilia shuleni wote wawili mtapishana njiani. Kila mmoja akidhani mwenzake ameshakwenda, wajukuu wangu watabaki getini. Amueni sasa ni nani, na asipoweza kufika ni nani mwingine, na walimu wawe na jina la huyo wa pili.

Kisha chagueni mahali pawili pa kukutania. Pa kwanza pawe hatua chache kutoka nyumbani, kwa ajili ya moto, ili mjue mara moja nani hajatoka. Pa pili pawe nje ya mtaa, endapo mtaa wenyewe haufikiki. Msiseme "pale karibu na barabara". Semeni mti gani, ukuta gani, upande upi.

Simu nazo msizitegemee sana. Maafa yakitokea kila mtu hupiga kwa wakati mmoja na mtandao hulemewa. Ujumbe mfupi mara nyingi hupenya pale simu inapogoma. Tafuteni ndugu anayeishi mbali, asiyeweza kukumbwa na balaa hilo hilo, na kila mmoja amwandikie yeye: niko salama, niko mahali fulani. Watoto waikariri namba yake kichwani. Chaji ikiisha, majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu hayana msaada.

Halafu fanyeni zoezi, usiku, taa zimezimwa. Hapo ndipo utagundua kwamba ufunguo wa mlango wa nyuma unakaa kwenye mkoba wa mkeo. Wafundishe watoto kutambaa, kwa kuwa moshi hupanda na hewa ya kuvutika hubaki chini, na kuugusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua: ukiwa wa moto, wauache na watafute njia nyingine. Huyo mdogo mkazanie zaidi. Watoto wadogo wakiogopa moto hujificha chini ya kitanda, na mwokoaji hawaoni.

Maji hukuyataja. Hesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na matumizi madogo, kwa siku 3 angalau. Ninyi mko wanne, kwa hiyo ni lita 48. Umeme ukikatika, jiko la mkaa na jenereta visiingie ndani hata kama mvua inanyesha. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Na wewe nakujua na gari lako. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulisomba gari dogo, na usiku huwezi kujua kama barabara iliyo chini yake bado ipo. Geuza urudi, hata kama aliyekutangulia amevuka.

Mkishakubaliana, niandikie hapo mahali penu pawili. Kama huyo ndugu wa mbali mmeona niwe mimi, sawa, ila tafuteni na wa pili. Unajua usiku simu yangu huwa naizima.

Mama yako