Cibulková hakuwahi kubeba Grand Slam

Umeuliza kama Dominika Cibulková, mcheza tenisi wa Slovakia, aliwahi kushinda Grand Slam, yaani moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi. Hapana ndugu, hakuwahi. Alikaribia mara moja tu, Australian Open 2014. Njiani aliwatoa Sharapova, Halep na Radwańska, huyo wa mwisho akimchapa 6-1, 6-2 kwenye nusu fainali. Fainali akakutana na Li Na wa China: seti ya kwanza alipoteza kwa taibreki (pointi za kuamua seti ikifika 6-6), ya pili akapigwa 6-0. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Slovakia kufika fainali ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Grand Slam.

Ukiniuliza mimi, kilele chake ni Singapore 2016, fainali za WTA (chama cha tenisi ya wanawake), mashindano ya wachezaji bora wa mwaka. Alipoteza mechi mbili za kwanza za kundi, watu wakamwona ameshafungasha mizigo. Akamfunga Halep, na Kerber naye akamfunga Keys, wote wa kundi hilo hilo, ndipo akapenya hadi nusu fainali. Halafu fainali akamfunga Kerber huyo huyo, namba moja wa dunia, 6-3, 6-4. Pointi ya mwisho mpira uligusa utepe wa wavu ukadondokea upande wa Kerber. Bahati, ndiyo, lakini mechi alishaishika.

Na kimo chake kilikuwa sentimita 161 tu! Servu (mpigo wa kuanzisha) haikuwa ya kutisha, ila foahendi yake (mpigo wa upande wa mkono wa raketi) balaa, na miguu haichoki. Machi 2017 alifika namba 4 duniani, akastaafu 2019 akiwa na mataji 8 ya WTA.